Mutindi na Taya la Mkwe Wake

Mutindi wa mtaa wa Sofia, pale Voi, ana mkono mwepesi, na sisemi hivyo kumsifu. Uliza mtu yeyote sokoni. Yule utingo wa basi aliyemwambia asogeze mwili wake alijikuta ameketi juu ya maganda ya ndizi, ameshika shavu, hajui hata kofi lilitokea wapi. Jirani aliyemwaga maji machafu mlangoni mwake alifuatwa mpaka ndani na kupigwa kwa ndoo ile ile. Wengi hawampendi, na hawafichi. Lakini harusi ikikaribia, haohao humjia wakiwa wapole, sauti zimeshuka, kwa sababu kutoka Voi mpaka Taveta hakuna anayeoka keki ya chokoleti ya matabaka kama yeye, ile yenye jamu ya forosadi katikati, vile vitunda vyeusi vya milimani vinavyochafua vidole na meno. Basi wanakula keki ya mkono uliowatandika, na wanaomba kipande cha kubeba nyumbani.

Ijumaa hii ninayoisimulia, alikuwa ameketi uani asubuhi, karai mapajani, akipiga mayai na sukari kwa uma mbili zilizofungwa pamoja kwa raba. Mashine ya kupigia anayo, ameifunika kitambaa juu ya kabati. Anasema mashine haina uchungu. Na kweli, mayai yake huumuka mpaka yawe meupe na mazito, kwa kuwa kila anapopiga huwa ana mtu kichwani. Siku hiyo kichwani alikuwa na Dinah.

Dinah Wakesho ni mama wa Shanice, na Shanice ndiye aliyekuwa anaolewa kesho yake huko Wundanyi na Titus, mtoto wa pekee wa Mutindi. Kwenye harusi za huku, maharusi wakishakata keki, mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi huitwa mbele walishane kwa mkono, watu wote wakiwatazama. Asiyefungua mdomo amekataa ndoa, na hakuna kamati wala mchungaji wa kulirekebisha hilo. Dinah naye alikwisha sema mbele ya ndugu zake, "Mkono ule hauingii mdomoni mwangu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mkono ule ndio uliomvunja taya.

Titus pia alikuwa amesema yake wiki hiyo. Hakupandisha sauti. "Mama, Jumamosi ukimwinulia mtu mkono, yeyote yule, hata kama amekutemea mate, mimi sina mama. Na watoto nitakaowazaa hutawashika." Kisha akamaliza chai yake, akaenda kazini. Mutindi, ambaye hajawahi kumwogopa mwanamume, aliogopa siku hiyo.

Si kwamba alizaliwa hivyo. Alikulia kwenye kambi ya wakata mkonge, baba yake akiwa mtu aliyeshuka kutoka Ukambani kutafuta kazi. Mzee Mbuvi alikuwa akirudi jioni mikono imechanwa na miiba, na akifika anaanza kupiga. Alimpiga mkewe kwa sababu ugali umepoa, akawapiga watoto kwa sababu mama yao analia. Ndanu, mdogo wake Mutindi, alikuwa akijificha chini ya kitanda. Mutindi hakujificha. Siku alipofikia urefu wa bega la babake, alichukua mchi wa kinu akampiga nao kwenye mkono, mfupa ukalia, na mzee hakuwainulia mkono tena mpaka alipokufa. Hapo ndipo alipojifunza, maskini, kwamba ukipiga vizuri kelele zinaisha. Somo baya, lakini hakupewa jingine.

Akiwa msichana alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja ya watalii, siku hizi imefungwa. Mpishi mkuu pale alikuwa na mchezo wa kuwagusisha wasichana trei za moto mikononi, halafu anacheka. Mutindi aliguswa mara moja. Alimpiga kwa trei hiyohiyo usoni kabla haijapoa, na chakula cha mchana hakikumkuta kazini. Alitoka na kovu kwenye kiganja na keki ya chokoleti kichwani, kwa maana muda wote alipokuwa akisugua sufuria alikuwa akimtazama yule mpumbavu akioka. Kazi walimnyang'anya, keki wakashindwa.

Ndoa ilienda vivyo hivyo. Obadiah, babake Titus, alimzaba kofi siku moja mbele ya wageni, akarudishiwa kwa mwiko mpaka mwiko ukakatika. Wiki iliyofuata alisema anaenda Taveta kununua ndizi. Ndizi hizo ndizo anazozinunua mpaka leo. Wanaomwona wanasema ana duka na mke mpole, na bado mtu akitaja Voi yeye hugeuka kuangalia nyuma.

Sasa tufike kwa taya.

Dinah alikuwa na miti yake ya forosadi huko milimani, na siku za soko alishuka Voi na vikapu. Mutindi alinunua kikapu kizima, akakimwaga mezani papo hapo, maana hamwamini mtu. Za juu zilikuwa nyeusi, zimeiva, zinapasuka. Za chini zilikuwa nyekundu, ngumu, hazijaiva. Mtu yeyote angeona ameibiwa.

"Umenifunikia mbichi," Mutindi alisema.

Dinah naye mdomo hakuazima kwa mtu. Alijibu akiendelea kupanga vikapu vyake, "Hizo ndizo unazozihitaji. Kama hujui, basi kazi huijui. Ndiyo maana hata bwana alikukimbia."

Ngumi haikungoja akili. Na haikuwa kofi, sikiliza vizuri, ilikuwa ngumi ya mwanamke aliyepiga mayai kwa mkono maisha yake yote. Ilimpata Dinah chini ya sikio, ikasikika kama mtu amekanyaga kuni kavu, akaangukia meza ya nyanya ya mwenzake. Hata alipokuwa chini Mutindi alimkalia kifuani akampiga tena, na tena, mpaka wapakuzi wa magunia wakamvuta kwa nywele na kwa gauni. Forosadi zilikuwa zimepondwa kila mahali, na waliokuja wamechelewa hawakujua damu ni ipi na juisi ni ipi. Dinah alijaribu kupiga kelele, mdomo ukakataa. Taya lilikuwa limeenda upande.

Hospitalini walimfunga meno kwa nyaya asifungue mdomo mpaka mfupa ushike. Wazee wa pande zote mbili walikaa kwa chifu, wakabishana mpaka wakachoka, wakakata hivi: Mutindi asipelekwe kortini, ila nyumba yake ndiyo itakayomlisha Dinah hadi siku atakayotafuna tena. Basi kila siku Mutindi alikuwa akikoroga uji wa wimbi na supu iliyochujwa, akiuma meno, bila kutuma hata neno moja la pole. Aliyeubeba ule uji kwa pikipiki hadi Wundanyi ni Titus.

Siku ya kwanza Shanice alimfungulia mlango, akafungua na thamosi, akammwagia uji kifuani ukiwa moto. Siku ya pili aliuona ule mwili umetoka malengelenge, akanyamaza, akaleta dawa akampaka. Hayo mengine mnayajua. Wenyewe wanasimulia kwamba wamekutanishwa na mrija wa kunywea uji, na wanacheka sana. Mama zao hawakuwahi kucheka.

Turudi Ijumaa. Mayai yalikuwa tayari, na Mutindi alikuwa anachunga unga na kakao, pale Titus alipoingia uani na kikapu.

"Mama Shanice ametuma hizi. Anasema kama ni keki ya binti yake, forosadi ni za miti yake."

"Na mdomo atafungua?"

"Hilo hakusema." Titus alikiweka kikapu chini, akamtazama mamake kidogo, akaondoka kufuata suti yake kwa fundi.

Mutindi hakusubiri hata pikipiki ipate moto. Alikimwaga kikapu kwenye sinia. Juu nyeusi. Chini nyekundu, ngumu, kikapu karibu nusu.

Damu ilimchemka mpaka masikio yakaziba. Akilini alimwona Dinah akichuma zile mbichi moja moja huku anacheka, akizipanga chini kwa makusudi, kwa harusi ya watoto, ili amwambie kwamba hajasahau. Aliushika mti wa kusukumia chapati akatoka kuelekea barabarani, na aproni yake na unga mikononi. Angefika Wundanyi hata kwa miguu, mimi sina shaka na hilo. Ndanu, ambaye alikuja kusaidia kazi, alimkimbilia akamkumbatia kiuno kwa nyuma.

"Dada, kesho ni harusi. Dada."

"Niache."

"Titus alikwambia nini?"

Mutindi aligeuka na mti ule mkononi. Ulimpata Ndanu mdomoni. Mdomo ukapasuka, jino la mbele likalegea, na Ndanu akaketi chini kwenye vumbi kama mtoto. Hakulia. Alipangusa damu kwa mgongo wa mkono, akaitazama, halafu akamtazama dada yake.

"Baba alipokufa," alisema taratibu, "nilidhani yameisha."

Mutindi alisimama palepale. Kuna kupigwa na kuna kupigwa, na huko ndiko alikopigwa yeye. Aliuangusha ule mti. Ndanu aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye sinia, akazoa forosadi zote, nyeusi na nyekundu pamoja, akazitia kwenye sufuria na sukari na limau, akaiweka jikoni.

"Pika," alisema, damu ikimdondoka kidevuni. "Mtoto wetu anataka keki."

Basi akapika. Alikoroga, na Ndanu akaketi kando na barafu iliyofungwa kitambaani. Sasa nikwambie kitu ambacho wateja hawakijui. Jamu ya Mutindi ilikuwa tamu, lakini ilikuwa nyepesi. Alikuwa akinunua zilizoiva tupu, nyeusi tititi, na joto la Voi likiingia kwenye keki, tabaka la juu linaanza kuteleza kama kofia ya mlevi. Alikuwa akizichomeka keki vijiti vya mishikaki kwa siri ili zisimame. Alilaumu joto, alilaumu makaa, alilaumu sukari ya siku hizi.

Siku hiyo alidondosha tone la jamu kwenye sahani baridi, kama anavyofanya siku zote, akainamisha sahani. Tone halikusogea. Akaisimamisha sahani wima kabisa. Tone lilikaa palepale, linang'aa. Alionja. Kulikuwa na ukali mle ndani uliokata utamu wa chokoleti vizuri, ule ukali aliokuwa akiutafuta miaka yote kwa limau bila kuupata.

Zile nyekundu ndizo zinazoshikisha jamu. Dinah alijua, kwao kila mtu anajua, na alikuwa amezipanga chini kwa sababu ni ngumu, zinaweza kubeba uzito wa zile laini. Siku ile sokoni alimwambia ukweli mtupu: hizo ndizo unazozihitaji. Mwanamke alivunjwa taya kwa kumwuzia mtu kitu kizuri.

"Ndanu," Mutindi alisema. "Hakuniibia."

Ndanu alimwangalia juu ya kile kitambaa cha barafu. Mutindi aliona aibu, na si ile aibu ya kuonwa na watu, ni ile inayoketi tumboni ikakataa kutoka. Alichanganya unga na mayai kwa mwiko wa mbao, polepole, akiupindua unga kutoka chini kuja juu ili mapovu yasipasuke. Huo upole anao, tatizo ni kwamba maisha yake yote ameupa unga peke yake. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, tabaka tatu, moja baada ya nyingine. Mtaa mzima ukanukia chokoleti, na majirani aliowapiga wakatoka nje kuvuta pumzi.

Asubuhi ya Jumamosi walipanda Wundanyi na pikapu ya kukodi, tabaka zimefungwa kwa nailoni, krimu ikiwa kwenye kisanduku cha barafu. Keki ilipangwa huko huko kwenye baridi, nyumbani kwa Dinah, katika chumba alichopewa Mutindi bila Dinah mwenyewe kuonekana. Tabaka, jamu, krimu. Tabaka, jamu, krimu. Ilisimama yenyewe bila kijiti. Wanawake wa pale waliingia kuchungulia na kutoka, na wawili watatu walimtazama mkono wake zaidi kuliko walivyoitazama keki.

Ibada ilikwisha, watu wakala, maharusi wakakata keki. Emsii, kijana wa maneno mengi aliyevaa viatu vya kung'aa, alichukua kipaza sauti akawaita wakwe mbele. Watu wa Voi waliacha kutafuna. Kaka zake Dinah walisimama kule nyuma, mmoja akiwa amevua koti.

Dinah alikuja. Hilo peke yake lilifanya watu wapumue. Alikuwa na kitenge cha kijani, na taya lake lilikuwa limepona kwa kuinama kidogo kushoto, kiasi kwamba hata akinyamaza anaonekana kama anayedharau. Alisimama mbele ya Mutindi, mdomo umefungwa.

Mutindi alichukua kipande kwa vidole vitatu.

"Zile nyekundu," alisema kwa sauti ya chini, "nimezijua jana."

"Umechelewa," Dinah alisema.

"Najua."

Mdomo ukafungwa tena. Emsii alicheka peke yake kwenye kipaza sauti. Shanice alikuwa ameushika mkono wa Titus kwa mikono yake yote miwili, lakini Titus hakuwa akimtazama Dinah. Alikuwa akiutazama mkono wa kushoto wa mamake, ule usio na keki.

Ndipo Dinah alipofungua. Mutindi alimtia kipande, na Dinah akafunga mdomo juu ya keki na vidole pamoja.

Hakuwa anatania. Taya lile lililofungwa nyaya lilikaza, likazidi kukaza, mpaka Mutindi akasikia jino limefika mfupani. Maumivu yalimpanda hadi begani. Dinah alikuwa amemkazia macho, hayapepesi, na alikuwa anauma kwa siku zote alizonyonya uji kwa mrija, kwa kila mtoto wa mtaani aliyemwigiza anavyozungumza, kwa kila neno la pole ambalo halikupanda na ile pikipiki.

"Mkwe ameipenda keki mpaka anataka na mkono," emsii akasema, na hema lote likacheka, lile cheko la watu walioogopa. Damu ilikuwa inashuka kwenye kifundo cha mkono wa Mutindi pamoja na jamu. Aliyekaa mbali hangejua.

Mkono wa kushoto ulikwisha jikunja ngumi. Mutindi hakuukunja yeye, ulijikunja, ukapanda mpaka kiunoni. Ulijua mahali pa kwenda, chini ya sikio, mfupa uliounganishwa, na mara ya pili haungehitaji nguvu nyingi. Dinah aliiona ile ngumi. Hakuachia. Aliingojea. Titus naye aliiona, na uso wake ukawa wa mtu ambaye ameshaanza kuondoka.

Mutindi alivuta pumzi iliyomkwaruza koo. Aliikunjua ile ngumi, kidole kimoja kimoja, ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, akauweka mkono ule begani kwa Dinah ili yeye mwenyewe asianguke.

"Maliza," alimwambia sikioni. "Maliza yote."

Dinah aliendelea mpaka pumzi ikamwishia yeye mwenyewe. Alipoachia, macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na bado yalikuwa ya hasira. Aliitafuna ile keki upande wa kulia, ule mzima, taratibu, akaimeza pamoja na damu ya Mutindi. Mutindi alizungusha kanga kwenye vidole bila kuvitazama.

Kisha Dinah aligeukia keki, akakata kipande kikubwa, kikubwa kuliko mdomo wa mtu, akakishika kwa mkono mzima. Mkono ulianza kupanda.

"Sasa fungua wewe," alisema.

Mutindi hakujua mkono ule unakuja kulisha au kupiga. Alifumba macho, akafungua mdomo.